Anayeshika Mti Si Chaki

Ijumaa moja asubuhi kijana wa Tanga alinijia karakanani Sanaiya akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Sanaiya ni eneo la viwanda la Doha, lenye mitaa inayoitwa kwa namba, na karakana yetu hutengeneza viti na kuta za mbao za majlisi. Ijumaa mashine kubwa hulala, na mwenye karakana ameniruhusu niwashe kerezo langu pembeni mradi nifagie kabla ya kuondoka. "Shikamoo, kaka," akasema, akaikunjua karatasi juu ya benchi. Ilikuwa orodha ya vitu vya kununua kwa ajili ya kerezo dogo aliloachiwa kwa bei poa na Mzungu aliyekuwa anahama nchi. Chaki ya meno manne. Meno ya ziada ya milimita 25, ya 50, ya 100. Meno mapana yenye vigingi vya mpira, ya kushikia bakuli kwa mdomo. Skrubu ya katikati. Pampu ya kuvuta hewa, na mbele yake alama ya kuuliza. Mwisho kabisa, kwa wino tofauti, kama mtu aliyekumbuka chumvi akiwa ameshatoka sokoni: patasi.

"Umesahau mti," nikamwambia.

Msomaji asiye wa karakana anisamehe nieleze. Chaki ninayoisema si ile ya mwalimu. Ni kichwa cha chuma kinachofungwa kwenye mhimili wa kerezo. Ndani yake mna bamba lenye mfereji uliojizungusha kama ganda la konokono, na ukigeuza ufunguo, mfereji huo huyasogeza meno manne kwa pamoja, ama yakutane ama yatawanyike. Yakikutana hubana ulimi uliokatwa kwenye kitako cha mti. Yakitawanyika hujikaza ndani ya tundu lililochimbwa hapo. Lugha yetu ina kukereza, ina kerezo na ina mkerezaji tangu zamani. Kwa chaki imelazimika kuazima neno ambalo tayari lilikuwa na kazi shuleni.

Kijana hakuitunga orodha ile peke yake. Ni imani iliyoenea kwa kila mwenye kerezo ninayemfahamu mjini hapa, kwamba kerezo bila chaki ni baiskeli bila mnyororo, na kwamba kila umbo jipya unalotaka kulikereza lina meno yake dukani yanayokusubiri. Nimeisikia kwa Wakenya, kwa Wahindi wa Kerala, kwa Wafilipino na kwa wastaafu wa Kiingereza wanaokereza kujifurahisha. Sijui jambo jingine ambalo hao wote wamewahi kukubaliana, hata namna ya kupika chai.

Mimi nasema wamekosea, na wamekosea mahali penye hasara. Chaki ni kifaa cha kununua mwisho. Mti hushikwa na umbo ambalo fundi amelikata. Chuma huja kulipokea tu, na umbo likiwa bovu hakuna chuma kitakachoficha ubovu huo.

Tuanze na fedha, maana wengi wetu hatukuja Qatar kutalii. Kima cha chini cha mshahara hapa tangu Machi 2021 ni riyali 1,000 kwa mwezi, na mwajiri asiyekupa malazi wala chakula huongeza 500 na 300. Chaki ya kampuni yenye jina, iwe Nova ya New Zealand, Oneway ya Kanada au Vicmarc ya Australia, ukiiongezea seti tatu za meno, inaweza kuumeza mshahara huo wote na bado ikadai nyongeza. Anayetuma karo nyumbani kila mwezi ana haki ya kuelezwa atapata nini kwa fedha hizo. Nilipomuuliza kijana anataka kukereza nini, akafikiri kidogo, akasema: "Kila kitu."

Jioni ile ile nikampeleka Souq Waqif kuangalia hicho kila kitu. Ubavuni mwa soko hilo pana soko la kozi, na hospitali ya kozi vilevile, kwa kuwa ndege hao huku hutunzwa kuliko wengine wetu. Kozi hukalishwa juu ya kigingi ambacho Waarabu hukiita wakri: kiwiliwili cha mbao chenye kiuno, kichwa kipana juu, na chini chuma chenye ncha cha kukita mchangani. Wakri za mbao hukerezwa. Nikamwambia kijana, niambie hii imeshikwaje kwenye kerezo. Akaigeuza huku na huku, akitafuta alama ya meno ya chaki, hakuiona. Haipo, wala haihitajiki. Mti huo unaweza kukerezwa mwanzo hadi mwisho katikati ya ncha mbili, moja mbele inayouzungusha na moja nyuma inayouegemeza. Alama ya ncha ya chini hupotea pale chuma kinapotobolewa na kuingizwa. Alama ya juu hufunikwa na mto anaokanyaga ndege.

Hapo ndipo ilipo siri ambayo orodha za vifaa hazielezi. Vitu vingi vilivyokerezwa katika maisha yetu vina ncha mbili ambazo hakuna anayeziangalia. Mguu wa meza una sakafu chini na fremu juu. Mchi una kinu. Mpini wa patasi una tundu la chuma upande mmoja na kiganja upande wa pili. Kifimbo cha kusukumia chapati, nani amewahi kukikagua vichwani? Miguu ya vile vitanda vya Lamu na Pate, iliyokerezwa kwa mapete na kupakwa rangi nyekundu na nyeusi, na msuruaki wa mtalawanda, ule unaobanwa na vidole vya mguu: vyote ni kazi ya ncha mbili. Hata punje za tasbihi, ambazo ni ndogo kiasi kwamba mtu angedhani lazima zibanwe na kitu, hutobolewa kwanza, zikavishwa kwenye kijiti chembamba, na kijiti ndicho kinachokaa kati ya ncha. Ukitoa bakuli na visanduku vyenye vifuniko, sikumbuki kitu cha mbao cha nyumbani kwetu Pwani ambacho kingemlazimu mkerezaji kuwa na chaki.

"Lakini chaki ni salama zaidi," atasema mtu. Hii ndiyo hoja yao kubwa, na naipa nafasi yake kwa sababu kerezo halina mzaha. Bakuli la kipenyo cha sentimita 30 likizunguka mara 1,000 kwa dakika, ukingo wake unakwenda zaidi ya mita 15 kwa sekunde. Hiyo ni kilomita 56 kwa saa, mwendo wa gari mjini, na wewe umesimama mbele yake umeshika kipande cha chuma.

Sasa fikiria patasi inapokwama. Kila mwanafunzi itamkwamia, si mara moja. Kwenye ncha ya mbele iliyo kama kikombe, yenye ukingo wa mviringo badala ya meno makali, mti ukizuiwa na patasi huteleza na kusimama. Injini inaendelea, mti umetulia, mwanafunzi ameshtuka, basi. Unalegeza, unakaza kidogo, unaendelea. Chaki haitelezi. Itaendelea kuuzungusha mti mpaka kitu kimoja kati ya vitatu kivunjike: patasi, ulimi au mtu. Kumpa anayeanza chaki eti kwa ajili ya usalama wake ni sawa na kumfundisha mtoto kuogelea kwa kumfunga kwenye chombo.

Kuna jambo jingine ambalo wauza chaki hawalitaji. Meno yale manne yalikatwa kutoka kwenye pete moja ya chuma. Kwa hiyo kuna kipenyo kimoja, kile cha pete kabla haijakatwa, ambapo meno yote hulala juu ya mti kwa uso wao mzima. Ulimi ukiwa mnene kuliko hapo, kila jino hugusa kwa kingo zake mbili tu, na ukitoa kazi utaona alama nane za kung'atwa badala ya mviringo safi. Bado ulimi wenyewe unataka adabu. Uwe umebana kiunoni kidogo ili meno yaingie chini yake. Mabega yake yakae bapa juu ya meno. Kichwa chake kisiguse chini ya chaki, maana kikigusa, mabega yananing'inia hewani na kazi yote inacheza. Anayeweza kukata ulimi wa namna hiyo ameshakuwa mkerezaji. Asiyeweza, chaki ya bei kubwa itamrushia bakuli kwa nguvu ile ile ya chaki ya bei ndogo.

Nilirushiwa mimi. Nilikuwa na kipande kinene cha shishamu ya Pakistan, ambayo ni ndugu wa mpingo wetu, zote mbili zikiwa jamii ya Dalbergia. Kilikuwa hakijakauka vizuri, nami nilijua. Ijumaa nikakata ulimi wa milimita 60, mviringo kama sarafu, nikachonga bakuli nusu, muda ukaniishia. Nikaliacha juu ya rafu katika ofisi ya karakana, ambamo kiyoyozi hakizimwi. Ijumaa iliyofuata nikalirudisha kwenye chaki, nikakaza mpaka kiganja kikauma, nikasogeza ncha ya nyuma pembeni ili nifike ndani ya bakuli. Likazunguka kama dakika mbili. Kisha nikasikia mlio kama wa kijiti kuvunjika, na bakuli likapasua ubao wa jipsamu ukutani, hatua moja kutoka pale niliposimama. Ulimi ulikuwa mzima. Ulikuwa tu si mviringo tena.

Doha inakufundisha jambo hili kuliko mji mwingine wowote niliowahi kufanyia kazi. Mbao iliyokaa kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 80, kama ya Tanga au Mombasa, hutulia ikiwa na maji ya kama asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Ipeleke kwenye chumba cha kiyoyozi chenye unyevu wa asilimia 40, itashuka mpaka karibu asilimia 8. Ikishuka hivyo husinyaa, lakini haisinyai sawasawa: kwa kufuata mapete ya mti husinyaa takriban mara mbili ya inavyosinyaa kutoka kiini kwenda ganda. Kwa mbao ya kawaida, ulimi wa milimita 60 hupungua kama milimita moja na nusu upande mmoja na nusu ya hiyo upande wa pili. Meno manne yanayosogea kwa pamoja, yote kwa umbali ule ule, yakikutana na yai la namna hiyo, mawili hubana na mawili husindikiza. Na sisi wa huku tunakereza Ijumaa kwa Ijumaa! Kazi inalala siku sita kati ya hewa kavu ya ndani na joto la nje la kiangazi, ambalo huvuka nyuzi 45, kisha tunataka ulimi uwe vilevile tulivyouacha.

Ncha mbili hazina taabu hiyo. Ukilirudisha gogo katika matundu yale yale mawili, mhimili ni ule ule, hata gogo lingekuwa limejipinda kama ndizi. Duara hugeuka yai. Nukta haina cha kugeuka.

Na bakuli je, halihitaji chaki? Halihitaji. Kuna sahani. Sahani ni bamba la chuma lenye matundu ambalo mara nyingi huja na kerezo lenyewe, na mara nyingi hutupwa kwenye droo siku hiyo hiyo. Unaifunga kwenye upande utakaochimbwa kuwa tumbo la bakuli, kwa skrubu nne au sita za mbao, unakereza mgongo. Hayo matundu ya skrubu yatachimbwa na kutupwa, hayana madhara. Kisha unabandika kibao cha mti mkavu kwenye kitako kwa gundi, unafunga sahani kwenye kibao, unachimba ndani. Ukitaka kibao kiachie bila kukata, weka karatasi ya kaki katikati ya gundi. Patasi bapa ikigongwa pale, karatasi inachanika na kitako kinabaki. Gundi nyeupe ya kawaida haipendi mti mbichi, kwa hiyo lazima usubiri ukauke, na kusubiri huko ndiko kungeniokoa mimi na ubao wa jipsamu.

Tahadhari moja, kwa kuwa karakana zetu za Doha zimejaa kazi za dari na kuta: msitumie zile skrubu nyeusi za jipsamu kwenye sahani. Zimechomwa zikawa ngumu, na kwa sababu hiyo hukatika shingo bila kuonya. Nimezitoa vichwa tu, miili imebaki ndani ya mti. Tumieni skrubu za mbao zenye shingo nene.

Yale meno mapana ya mpira, ya kumalizia kitako cha bakuli, ndiyo yanayonishangaza zaidi. Ni bamba pana kama sinia, lenye vigingi vinane, na watengenezaji wake wenyewe huonya lisizungushwe kwa kasi kwa sababu mpira haushiki vya kutegemewa. Mimi nakereza kipande cha mbao chakavu kiwe na kichwa cha mviringo kinachoingia ndani ya bakuli, navisha kitambaa au kipande cha ngozi, nalisukuma bakuli juu yake kwa ncha ya nyuma. Nakereza kitako mpaka kibaki kijiti cha unene wa kidole chini ya ncha, nazima, nakikata kwa patasi, napiga msasa kwa mkono. Kifuniko cha kisanduku nakimalizia vivyo hivyo: natoboa kibao chakavu tundu linalolingana na kifuniko, nakisukuma ndani kikabane chenyewe. Kila kibao cha namna hiyo ni chaki iliyotengenezwa kwa ajili ya kitu kimoja tu, inagusa mti pande zote, na gharama yake ni takataka za juzi. Duka haliwezi kukuuzia meno yanayolingana na bakuli ambalo hujalikereza bado.

Pampu ya kijana, ya kushikia bakuli kwa hewa, sikuigombania sana. Nilimweleza kwamba pampu haivuti. Ni hewa ya juu yetu inayosukuma, nayo husukuma takriban kilo moja kwa kila sentimita ya mraba, hata ununue pampu ya mfalme. Na mti wenye vinyweleo vikubwa unapitisha hewa kama kikapu. Akaifuta mwenyewe.

Upo pia ugonjwa wa nyuzi za skrubu, ambao umeishika Doha vibaya kwa kuwa makerezo yetu yanatoka kila pembe ya dunia. Kerezo la mtindo wa Ulaya huwa na mhimili wa milimita 33, wenye hatua ya milimita 3.5 kati ya uzi na uzi. La Kimarekani huwa la inchi moja lenye nyuzi 8 kwa kila inchi. Yale madogo ya zamani ya Uingereza mara nyingi ni robo tatu ya inchi kwa nyuzi 16. Chaki yangu ya kwanza niliinunua bila kuuliza. Ilikuwa ya 33, kerezo langu la inchi moja, na mwenye duka akakataa kuipokea kwa kuwa nilishafungua sanduku. Ikakaa mwaka mzima inashikilia mlango usifungwe na upepo. Ncha, kwa upande wake, huingia kwenye tundu lenye mteremko wa Morse, na ule wa namba 2 ni mmoja dunia nzima. Ncha niliyonunua kwa kerezo la kwanza ndiyo ninayoitumia mpaka leo kwenye kerezo la tatu.

Nimebakiza hoja moja, ambayo haisemwi kwa sauti. Rafiki yangu wa Mombasa, fundi mzuri kuliko mimi, ndiye aliyethubutu kuitamka. "Wewe unaupamba umaskini," aliniambia. "Babu zetu walikereza kwa kamba kwa sababu hawakuwa na kitu. Sisi tumevuka bahari ili tuwe na kitu, na wewe unatwambia turudi kwenye kamba."

Sirudi kwenye kamba. Nimejaribu kerezo la upinde: kamba inazungushwa mara moja kwenye mti, mkono mmoja unavuta na kusukuma upinde, mkono wa pili unashika patasi na kidole gumba cha mguu kinaielekeza. Mti unakwenda mbele na kurudi nyuma, na patasi inakata unapokwenda tu. Nusu ya jasho lako inapotea. Mungu awabariki walioleta umeme.

Ila nakataa kwamba waliokuwa wakifanya vile hawakuwa na kitu. Kwenye kaburi la Petosiris huko Misri, la karibu mwaka 300 kabla ya Kristo, pana mchoro wa watu wawili na kerezo lao. Misri hiyo hiyo, karne nyingi baadaye, mafundi wa Kairo walikereza kwa upinde na kidole cha mguu vipande vidogo vidogo visivyo na idadi, wakavipachika bila misumari vikawa mashrabiya, zile pazia za mbao za madirishani ambazo leo matajiri wa Ghuba wanatulipa tuwaigizie kwa mashine. Kila kipande kilikaa kati ya ncha mbili za chuma. Na kama mtu anaona hiyo ni habari ya Waarabu tu, kule Berkshire nchini Uingereza aliishi George Lailey, aliyefariki mwaka 1958. Alikuwa akikereza bakuli za mbao kwa kerezo la kukanyaga kwa mguu, tena akizitoa moja ndani ya nyingine kutoka kwenye gogo moja, kubwa ikimzalia ndogo. Chaki hakuwa nayo. Kerezo lake limehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho Reading. Ukimwita Lailey maskini utakuwa umesema kweli kuhusu mfuko wake, lakini wapo wenye chaki tatu ambao hawawezi kutoa bakuli mbili katika gogo moja.

Nasi wa Pwani hatuna sababu ya kuingia mji huu kama wageni wa mbao. Nyumba za zamani za Ghuba ziliezekwa kwa boriti za mikoko zilizoletwa na majahazi kutoka Lamu na delta ya Rufiji, zikihesabiwa kwa korija. Kenya ilipiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Vyumba vilikuwa vyembamba kwa kuwa boriti hazikuwa ndefu. Mjenzi alipima chumba kwa mti alionao.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Hapo siko nao moja kwa moja. Anayelima mfinyanzi na anayelima mchanga hawatumii jembe moja. Ninayo chaki. Ni moja, ina meno ya milimita 50, na nilipoinunua nilikuwa na miaka minne ya kukereza. Naitoa kabatini ninapokereza visanduku vya kutilia udi, kwa sababu kuchimba shimo kwenye kichwa cha gogo ncha ya nyuma ikiwa imeondolewa ni kazi ambayo chaki inaifanya vizuri kuliko kitu kingine chochote. Naitoa vilevile nikiwa na vishikio arobaini vya droo vya kufanana na mwenye kabati anasubiri. Kufunga na kufungua kwake ni kwa haraka, na haraka hiyo ni fedha. Hizo ni kazi mbili. Kwa kazi mbili sihitaji seti sita za meno, na kwa hakika sikuhitaji kuanza nayo. Miaka ile minne ndiyo iliyonifundisha kukata ulimi ambao chaki inaweza kuushika.

Rafiki yangu wa Mombasa hajakubali. Ananiambia kwamba ningeanza na chaki ningejifunza ulimi kwa mwaka mmoja. Huenda, kama lile bakuli la shishamu lingekuja mapema zaidi na hatua moja karibu zaidi.

Kijana wa Tanga aliikata orodha yake. Alinunua ncha ya nyuma yenye beringi, ncha ya mbele ya kikombe, patasi tatu na jiwe la kunolea. Sahani alikuwa nayo tayari, kwenye sanduku la kerezo, ndani ya nailoni yake. Kitu chake cha kwanza kilikuwa kifimbo cha kusukumia chapati, kinene upande mmoja kidogo, na wenzake watano wa chumbani wanakitumia bila malalamiko.

Ewe uliye na kerezo hapa Doha, na fedha mkononi, na duka umeshalichagua: nipe wiki moja tu. Ijumaa hii kata ulimi wa milimita 60 kwenye kipande cha mbao mbichi, uupime kwa kalipa pande mbili zinazokatana, uandike. Uache chumbani penye kiyoyozi. Ijumaa inayofuata upime tena pale pale, kisha njoo Sanaiya na hivyo vipimo vinne. Chai ipo. Tutazungumza habari ya chaki ukiwa umekaa.